Deni la Mpimaji wa Hisani

Katika sataranji kuna fani ambayo wapenzi wa ushairi wataitambua upesi, hata wale ambao hawajapata kugusa kete zake. Ni fani ya utunzi wa mafumbo. Mtunzi hachezi na mtu. Hupanga kete chache juu ya ubao wa miraba 64, kisha akaandika sharti chini yake: tuseme, weupe waanze na wamfunge mfalme mweusi kwa hatua mbili. Sheria yake ni kali kama ya vina na mizani. Fumbo sharti liwe na ufumbuzi, na hatua inayoufungua iwe moja tu. Ikionekana njia ya pili ambayo mtunzi hakuikusudia, fumbo limeharibika, hata likiwa zuri namna gani.

Mafumbo hayo hupelekwa kwa wahariri wa majarida, na aghalabu wahariri hao, pamoja na wapimaji na waamuzi wanaowasaidia, hawalipwi. Chama cha Waingereza cha fani hii, kilichoasisiwa mwaka 1918, kimevuka karne moja kwa mapenzi ya namna hiyo. Ndipo linapozuka swali ninalotaka kulidadisi: huyu asiyelipwa, anapopokea ubao ulioshindwa, ana deni gani kwa aliyeutuma?

Jibu jepesi ni kwamba hana deni. Ametoa usiku wake bure. Anayetaka zaidi na ashukuru kwanza. Jibu hili silikubali. Hisani huanza kwa hiari, naam, lakini mtu akishaipokea kazi ya mwenzake mkononi, ameshika amana. Mtunzi aliyekesha juu ya ubao wake, kisha akajibiwa kwa neno moja, “halifai”, hakupewa hukumu. Amefungiwa mlango tu.

Deni lenyewe, kwa maoni yangu, ni ushahidi. Shairi likikataliwa, mtunzi na mhariri waweza kubishana hadi alfajiri. Fumbo lenye njia ya pili haliachi nafasi ya ubishi: iandike njia hiyo, mstari mmoja unatosha, na mtunzi mwenyewe ataona. Ni gharama ndogo mno kwa mtu ambaye tayari amekwisha kuiona kasoro.

Tukio la Glasgow mwaka 1895 linaonyesha thamani ya mstari huo mmoja. Mhariri wa safu ya sataranji huko, Barbier, alichapisha ubao akidai kwamba weusi wanaweza kupata sare. Padri wa Kihispania aliyeishi mjini humo, Fernando Saavedra, akaonyesha kwamba weupe wanashinda. Kitunda cha weupe, ile kete ndogo ya mbele, kinapofika safu ya mwisho, desturi ni kukigeuza malkia. Lakini kikigeuzwa malkia, weusi huitoa ngome yao sadaka, malkia akiila, mfalme mweusi hana pa kwenda, nayo ni sare. Padri akasema: kigeuzeni ngome. Barbier angeweza kunyamaza, kwani safu ilikuwa yake. Aliitangaza hatua ile pamoja na jina la aliyeiona, na hadi leo ubao ulioshindwa kwa dai lake la kwanza unajulikana kwa jina la Saavedra.

Lililo gumu zaidi ni dawa. Mpimaji hodari mara nyingi huona kwamba kusogeza kitunda kimoja kungeliponya fumbo. Je, aseme? Wapo wanaosema kwamba kumficha mwanafunzi dawa ni choyo. Mimi naona amwonyeshe jeraha, kisha amwulize kama anataka msaada. Katika fani hii marekebisho huchapishwa kwa jina la aliyerekebisha kando ya jina la mtunzi. Basi anayesogeza kitunda bila kuombwa amejifanya mshirika asiyealikwa, na pengine amemnyima mwenzake furaha ya kuiona njia mwenyewe.

Siku hizi programu kama Popeye, inayotolewa bure, huupima ubao wa hatua mbili kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mtu angedhani kazi ya mpimaji imekwisha. La hasha, imebaki sehemu yake chungu, yaani ubao usio na kasoro yoyote, ila hauna uhai. Hapo hakuna mstari wa kuonyesha, na mwamuzi hushawishika kujificha. Katika uteuzi wa Albamu ya FIDE, waamuzi watatu hutoa alama, kila mmoja kuanzia 0 hadi 4, na fumbo huingia likifikisha 8. Utaratibu ni wa haki, na siwalaumu watu wenye mbao tele mbele yao. Hata hivyo, aliyepata 7½ amejua alichopungukiwa kwa hesabu tu.

Na kuna wasioweza kuulizwa. Mashine zimefichua njia za pili katika mafumbo ya watunzi waliokwisha kufariki, mengine yakiwa yamesifiwa kwa miaka mingi. Walio hai huyarekebisha na kuandika majina yao kando. Ningependa ubao wa awali nao uchapwe, hapo hapo, pamoja na ufa wake, ili msomaji aone mtunzi alikuwa akiufuata uzuri gani alipoipita njia ile bila kuiona.