Bei ya Chipukizi

Wahenga walisema kuwa nyota njema huonekana asubuhi, na neno hili limerudiwa mara nyingi hata likadhaniwa kuwa ni kanuni ya maumbile. Lakini nyota inayoonekana asubuhi imekwisha kuonekana. Iko mbinguni, na mwenye macho aweza kuielekezea kidole. Mtoto wa miaka 16 si nyota ya namna hiyo. Mambo anayosifiwa kwayo bado hayajatokea, na mwenye kumsifu hasemi analoliona ila analolitarajia. Kama pana mahali duniani ambapo tarajio hili limefanywa kuwa kazi ya mshahara, likawekewa vipimo, likaandikwa kwa namba na kuuzwa, basi mahali hapo ni katika mchezo wa besiboli wa Marekani.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Klabu za ligi kuu ni 30, na kila moja ina timu zilizo chini yake katika ligi ndogo. Tangu mwaka 2021 timu hizo za chini ni 120, baada ya kupunguzwa kutoka 160. Kijana hupanda ngazi kwa ngazi, akisafiri kwa basi kutoka mji mdogo hadi mji mdogo, na walio wengi huteremka njiani kabla ya kufika juu. Mpango huu uliasisiwa na Branch Rickey katika miaka ya 1920, alipokuwa akiisimamia klabu ya St. Louis Cardinals. Klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri katika kununua wachezaji waliokwisha kukomaa. Kwa hiyo aliamua kuwaotesha wake mwenyewe. Wamarekani waliuita mpango huo kwa jina la shamba, na hadi leo huuita hivyo. Jina hilo lastahili kufikiriwa. Mkulima hutupa mbegu nyingi akijua kuwa nyingine hazitaota, na mbegu isiyoota haina la kumdai. Je, kijana asiyeota hana la kudai?

Swali hilo lilipata kuulizwa mapema. Mwaka 1938 Kamishna Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa hakimu kabla ya kuutawala mchezo huo, aliwaacha huru zaidi ya wachezaji 70 wa Cardinals, kwa kuwa klabu ilikuwa imewafunga katika timu ndogo kinyume cha kanuni. Landis hakuwa rafiki wa kila haki, kama itakavyoonekana punde. Lakini katika jambo hilo aliona sawasawa kwamba mtu aweza kuwekwa ghalani kama mahindi, si kwa sababu anahitajiwa, bali kwa sababu mwingine asimpate.

Tuzo ya msaka vipaji ni namba. Mizani yake huanza 20 na kwisha 80, na 50 ni mchezaji wa kadiri wa ligi kuu. Vinavyopimwa ni vitu 5: ustadi wa kuupiga mpira kwa gongo, nguvu za kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kutupa, na wepesi wa kudaka. Kila kimoja huandikiwa namba mbili, ya leo na ya kesho. Kijana aweza kuandikiwa 30 ya leo na 55 ya kesho, na ule mwanya ulio baina ya namba hizo mbili ndio unaonunuliwa. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Hakuna anayelipia 30, na 55 haipo.

Wenye kuidharau kazi hii hupenda kutaja makosa yake, nayo si machache. Mwaka 1966 klabu ya New York Mets, iliyokuwa na haki ya kuchagua kabla ya wengine wote, ilimchagua Steve Chilcott, mdakaji kijana, ikamwacha Reggie Jackson. Chilcott aliumia bega wala hakucheza hata siku moja katika ligi kuu. Jackson aliuvusha mpira ukuta mara 563. Mwaka 1988 Mike Piazza alichaguliwa akiwa wa 1,390, tena kwa hisani, kwa kuwa baba yake alikuwa rafiki wa Tommy Lasorda, meneja wa Dodgers. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la watukufu wa mchezo. Albert Pujols alipitwa na vijana 401 mwaka 1999. Masimulizi haya ni matamu, lakini utamu wake hupotosha. Hukumbukwa kwa sababu ni ya ajabu, na ajabu si kawaida. Kwa jumla wanaochaguliwa mwanzo hufaulu kuliko wanaochaguliwa mwisho, na msaka vipaji aliyekaa juani miaka 20 akiwatazama watoto si mpiga ramli. Anajua kitu. Shida ni kwamba anachokijua ni cha kundi, na anayekipokea ni mtu mmoja.

Aidha, namba haikai kimya baada ya kuandikwa. Aliyelipwa mamilioni hupewa nafasi ya kukosea, kisha nafasi nyingine, kisha mwalimu wa peke yake. Aliyelipwa kidogo hukosea mwezi mmoja akaonyeshwa mlango. Mmoja akifika na mwingine asifike, husemwa kuwa namba zilikuwa za kweli. Huo ni ushahidi wa hakimu aliyemfunga mshitakiwa miguu kisha akaandika kuwa hawezi kukimbia.

Kuna na kosa la namna nyingine, ambalo si haki kuliita kosa la kipimo. Kwa muda wa miaka karibu 60 wasaka vipaji wa klabu kubwa waliandika kwa makini namba za Weupe peke yao, na Landis, yule yule aliyewafungulia wengine, alikaa juu ya utaratibu huo mpaka kufa kwake mwaka 1944. Mwaka 1945 Rickey, ambaye sasa alikuwa Brooklyn, alimwandikisha Jackie Robinson. Mwaka 1946 Robinson alicheza Montreal katika ligi ndogo akawashinda wapigaji wote wa ligi hiyo kwa wastani wa 0.349, mwaka 1947 akaingia ligi kuu. Mizani ilikuwa ile ile siku zote. Mlango wa soko ndio uliokuwa umefungwa, na waliosimama ndani walijivunia usahihi wa mizani. Michael Lewis alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2003 kwamba wasaka vipaji wa zamani walikuwa wakitafuta hata uso mzuri. Billy Beane, anayesimuliwa humo, alikuwa na uso huo na kila sifa nyingine. Mets walimchagua mwaka 1980, akashindwa, na baadaye, alipoiongoza klabu ya Oakland, akaamua kutazama zaidi yale ambayo kijana ameyafanya kuliko yale ambayo umbo lake laahidi. Ni maendeleo, bila shaka. Lakini hata matendo yaliyopita, yakitumiwa kumnunua mtu wa kesho, ni bashiri.

Sasa lije jambo lililo zito kuliko yote hayo, ambalo halihusu vijana waliokadiriwa vibaya, bali waliokadiriwa vema. Timu ya ligi ndogo ina wachezaji karibu 30. Kati yao wachache tu ndio ambao klabu inaamini kuwa watafika juu. Hao wengine wako kwa kazi gani? Wako kwa sababu mrushaji mwenye mkono wa ajabu hawezi kurusha bila mtu wa kumdakia, na mpigaji wa thamani hawezi kujifunza kupiga bila mtu wa kumrushia. Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu, bali aheshimiwe pia kama mwenye makusudi yake. Mdakaji huyo ana makusudi yake: anataka kufika ligi kuu. Klabu inalijua kusudi hilo, inajua pia namba iliyomwandikia, na inalitumia kusudi lake kumfanya avumilie kazi ambayo asingeivumilia kwa ujira wake. Tumaini lake ndilo sehemu ya mshahara wake, na anayelipa anajua kwamba fedha hiyo haipiti sokoni.

Mtetezi wa klabu atajibu kuwa hakuna aliyelazimishwa, na kuwa Piazza ni shahidi: angaliambiwa kuwa yeye ni wa 1,390 na hana lake, angalirudi nyumbani. Jibu hili lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Neno la mkubwa laweza kuvunja kile ambacho lilikuwa likikibashiri tu. Hata hivyo linathibitisha chini ya lile linalodaiwa. Kijana hana haki ya kuambiwa kesho yake, maana hakuna anayeijua. Anayo haki ya kuambiwa leo yake: kwamba msimu huu ameajiriwa ili mwingine ajifunze, na kwamba kazi hiyo ina ujira wake. Tabibu aliyenyamaza kwa huruma hafaidiki na ugonjwa. Klabu inayonyamaza yafaidika na kimya chake.

Jambo hili huzidi uzito kadiri mtoto anavyozidi udogo. Katika Jamhuri ya Dominika, ambako kila klabu ya ligi kuu ina chuo chake cha mazoezi, kijana aweza kutia saini akiwa na miaka 16, na wako wanaoacha shule miaka kadha kabla ya hapo ili wajiandae kutazamwa. Njia hiyo imeanza kufika hata Uganda. Watoto wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers waliandikisha vijana wawili Waganda. Furaha ya nchi ni halali. Lakini aliyeacha darasa la saba kwa ajili ya 55 ya kesho hawezi kurudishiwa darasa hilo namba ikishuka.

Kwa upande wa ujira, mambo yalianza kubadilika majuzi tu. Sheria ya mwaka 2018 ilikuwa imewatoa wachezaji wa ligi ndogo katika ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2022 ligi kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi yao, na mwaka huo huo wakajiunga na chama cha wachezaji. Mkataba wa 2023 uliupandisha mshahara wa ngazi ya juu ya ligi ndogo hadi dola 35,800 kwa mwaka, na wa ngazi ya chini kabisa kutoka dola 4,800 hadi 19,800. Kwa anayetia saini akiwa na miaka 19 au zaidi, miaka ambayo klabu yaweza kumzuia asiende kwingine ilipunguzwa kutoka 7 hadi 6. Mkataba huo haukusema lolote juu ya ile karatasi yenye namba mbili, wala ni nani mwenye haki ya kuisoma.