Kunyamaza Mlangoni

Hapa Akheri kuna kompyuta ya wanafunzi ninayoitunza. Kabla hujaandika jina wala nywila, skrini yake nyeusi inatangaza mfumo endeshi na toleo lake: Debian GNU/Linux 12. Mwenzangu anataka tuyafute maneno hayo kwenye faili la /etc/issue. Mwizi asijue, anasema.

Sawa, ni kazi ya dakika moja. Hata kwenye daladala ya Tengeru humwambii abiria wa pembeni mlango wako una kitasa gani, na hakuna atakayekuita mwongo.

Ila Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyeandika juu ya maandishi ya siri ya jeshi mwaka 1883, alitaka mfumo ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Cha kufichwa ni ufunguo. Shida yangu ipo hapo. Tukishafuta jina tutajiona salama, na masasisho yatangoja weee. Halafu, tunamficha nani hasa? Mwizi wa mtandaoni haioni skrini hii. Huihoji mashine kwa njia nyingine. Anayeiona ni mwanafunzi. Mashine ikigoma, ataombaje msaada wakati hajui inatumia nini? Mficha uchi hazai, jamani.

Nimekubali tufute, kwa sharti: masasisho kwanza, na mwanafunzi akiuliza aambiwe.