Je, Kamera Yaweza Kushuhudia Mwezi?

Jioni ya tarehe 29 Shaaban, kabla Kadhi Mkuu hajatoa tangazo, picha za mwezi huwa zimeshaanza kuzunguka kwenye simu za watu wa Malindi, Mambrui na Kilifi. Ni utepe mwembamba wa nuru juu ya minazi, pengine umepigwa kwa lenzi ndefu na kwa ustadi mkubwa, pengine haijulikani umepigwa wapi wala mwaka gani. Mtumaji haongezi neno zaidi ya “umeandama”. Mjadala unaofuata huangukia kwenye ugomvi wa zamani, baina ya wanaofuata mwandamo wa nchi yao na wanaofuata mwandamo wa popote duniani, na picha yenyewe hupita bila kuhojiwa. Swali ninalolishika hapa liko nyuma ya ugomvi huo na linazihusu pande zote mbili: kitu kilichonaswa na kamera, lakini hakikuonwa na jicho la mtu yeyote, je, kimeonekana? Jibu langu ni kwamba hakijaonekana kwa maana inayotakiwa na ibada, ijapokuwa kipo na ijapokuwa picha ni ya kweli. Na mpaka baina ya kuona na kukusanya nuru haumo katika bei ya kamera. Umo katika vipimo anavyovichagua mpiga picha, na zaidi katika anayoifanyia picha baada ya kuipiga.

Sharia haikuifungamanisha saumu na kuwepo kwa mwezi angani. Mwezi upo kila siku. Imeifungamanisha na kuonekana kwake. Mafundisho ya Mtume ni kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona, na wingu likiuficha, Shaaban ikamilishwe siku 30. Bedui alipokuja Madina na habari kwamba ameuona, Mtume alimuuliza kuhusu imani yake, kisha akaamuru watu wafunge. Hakuulizwa umri wa mwezi wala umbali wake na jua. Kilichopimwa ni mtu, kwa sababu habari ya mwezi ni ushahidi, na ushahidi una mwenyewe anayebeba dhamana yake. Watu wa pwani hii wamehesabu miaka kwa utaratibu huo kwa karne nyingi: kwenye magofu ya Gede lipo kaburi lililochorwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na kila mwezi wa hesabu ile ulianza kwa mtu kuinua uso kuelekea magharibi.

Tutazame basi jicho linafanya nini na kamera inafanya nini. Mboni ya kijana gizani hupanuka kufikia milimita 7 hivi, na jicho huchanganya nuru ya muda mfupi sana, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha huanza upya. Ukikodolea anga kwa saa nzima, nyota hazizidi kung'aa kwa sababu ya kuwa umekodoa. Sensa ya kamera ni kama pipa linalokinga maji ya mvua: kila chembe ya nuru inayoingia hubaki humo mpaka shata ifungwe. Lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/5.6 ina tundu la upana wa milimita 71, kwa hiyo hupokea nuru mara mia moja ya ile ipitayo kwenye mboni, kabla hata hatujauongeza muda. Anayeipiga Njia ya Maziwa juu ya mnara wa Vasco da Gama pale Malindi huchukua lenzi ya milimita 24, huifungua f/2.8, huweka wepesi wa sensa kwa nuru, yaani ISO, kwenye 3200, huifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kuiacha shata wazi sekunde 20. Hawezi kuzidisha sana, kwa kuwa dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa na nyota zitaanza kuacha mikia. Kanuni ya wapiga picha ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi. Picha itakayotoka ina rangi za waridi na samawati ambazo hakuna aliyesimama pale aliyeziona, maana sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani haitambui rangi.

Mwezi mchanga una tatizo jingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanapokosea katika kuchagua vifaa. Shida yake si uhaba wa nuru. Anga ya magharibi bado inang'aa dakika chache baada ya jua kutua, na utepe wa mwezi umezama ndani ya mng'ao huo. Kupandisha ISO au kuiacha shata wazi zaidi kunaing'arisha anga pamoja na mwezi, na uwiano wao unabaki palepale. Kinachosaidia ni lenzi ndefu yenye kioo safi, shata ya haraka, na kichujio kinachopunguza ubuluu wa anga. Zaidi ya hapo inabaki kazi ya kompyuta: kurundika makumi ya picha, kuiondoa nuru ya anga kwa hesabu, na kuivuta ile tofauti ndogo iliyobaki mpaka ionekane kwenye kioo. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoitilia mkazo. Umbo linalopatikana hivyo limetoka kwenye mwezi kweli, lakini halikumfikia mtu yeyote kama mwonekano.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kazi ya Thierry Legault, mpiga picha wa anga wa Ufaransa. Tarehe 8 Julai 2013, katika siku ileile ambayo Waislamu duniani walikuwa wakingoja Ramadhani ya mwaka 1434, aliunasa mwezi katika dakika yenyewe ya kuzaliwa kwake, saa 4:14 asubuhi kwa saa za Kenya, ukiwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Alitumia darubini iliyokingwa na miale ya jua, sensa inayopokea nuru iliyo nje ya wekundu tunaouona, na kurundika picha. Anga iliyouzunguka mwezi ule ilikuwa na mng'ao unaouzidi mara mamia. Katika miaka ya 1930 mwanaanga André Danjon alikuwa ameonyesha kwamba mwezi ulio chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua hauonekani kwa jicho. Basi anayesema kwamba kunaswa na kamera ni kuonekana, na alikubali tokeo lake: mwezi wa Hijria utaweza kuanza hata mchana, jua likiwa juu, na agizo la kukamilisha siku 30 mwezi usipoonekana halitakuwa na pa kutumika. Tafsiri inayoifuta sehemu moja ya agizo haiwezi kuwa tafsiri sahihi ya agizo hilo.

Pingamizi la kwanza, na ni zito, ni miwani. Shekhe mwenye macho dhaifu huvaa miwani na ushahidi wake hukubaliwa, na Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliikubali darubini. Kama vioo viwili mbele ya jicho vinaruhusiwa, kwa nini sensa ikataliwe? Jambo hili halikuanza na umeme. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 1567 na ambaye kitabu chake, Tuhfa, ni nguzo ya madhehebu ya Shafii yanayofuatwa kwenye mwambao wetu, alisema kwamba kuuona mwezi kwa kupitia kioo cha kujitazamia hakutoshi. Mtu anaweza kuona ugumu huo umepita kiasi. Mimi naona alikuwa analinda kitu cha msingi: nuru ya mwezi ifike kwa shahidi, wakati ule ule, na yeye aitambue. Miwani na darubini huipinda nuru ileile na kuipeleka kwenye jicho; zikiondolewa, hakuna kinachobaki. Karne tano kabla ya Ibn Hajar, Ibn al-Haytham alikuwa ameeleza katika Kitabu cha Mandhari kwamba kuona ni nuru kuingia jichoni ikifuatwa na utambuzi wa mwenye jicho. Kamera inaikatiza njia hiyo katikati: nuru inakuwa hesabu, na hesabu inachorwa upya. Nakiri kwamba lipo eneo la kijivu. Picha moja, ya shata ya sehemu moja ya sitini ya sekunde, isiyorundikwa wala kuvutwa, ikitazamwa palepale na mtu aliye chini ya anga ileile, iko karibu mno na darubini, na sitamlaumu kadhi atakayeipa uzito. Lakini kwa kawaida mwezi unaotoka kwenye picha ya namna hiyo ni ule ambao hata macho yangeuona, yakijua pa kutazama.

Pingamizi la pili ni kwamba jicho nalo hudanganya. Ni kweli, na wazee walilijua hilo. Husimuliwa kwamba sahaba Anas bin Malik, akiwa mzee sana, alisema ameuona mwezi ambao wenzake hawakuuona. Iyas bin Muawiya, kadhi mwenye akili, akaupangusa unywele mweupe uliokuwa umeinama kwenye nyusi za mzee huyo, na Anas hakuuona tena. Hapa kamera ina kazi ya heshima, nayo ni ile ya Iyas: kumpima shahidi bila kumdhalilisha. Mwambao wa Malindi unaelekea mashariki, kwa hiyo mwezi mchanga hautafutwi baharini. Unatafutwa upande wa bara, juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, au kutoka daraja la Kilifi kwa kuufuata mkono wa bahari unaoingia ndani. Upande huo una moshi, vumbi na miti mirefu. Tuko nyuzi 3 na ushei tu kusini mwa ikweta, jua na mwezi hutua karibu wima, na giza huingia upesi. Mwezi ulioachana na jua kwa nyuzi 8 unampa mtazamaji nusu saa hivi tu. Kamera iliyoelekezwa mapema mahali ambapo hesabu inasema mwezi utakuwapo inaweza kumwongoza mtu atazame wapi, na baadaye ikathibitisha kwamba alichokiona hakikuwa ukingo wa wingu. Ikiwa hesabu inasema mwezi umetua kabla ya jua, ushahidi wa kuuona na urudishwe kwa upole.

Zipo kamera ambazo hata kwa kazi hiyo hazifai. Mwaka 2023 ulizuka mjadala kuhusu simu za Samsung, baada ya mtu kuipiga picha iliyofifishwa ya mwezi kwenye kioo cha kompyuta na simu kutoa mwezi wenye mabonde yasiyokuwemo kwenye picha ile. Kampuni ilieleza kwamba programu yake hutambua kuwa kinachopigwa ni mwezi, kisha huiboresha sura yake kwa kutumia ilichofunzwa. Kwa picha ya kumbukumbu hilo halina ubaya. Kwa ushahidi ni sawa na kumsikiliza mtu anayeeleza sura aliyofundishwa badala ya aliyoiona jioni hiyo.

Huenda msomaji akauliza kama hoja hii inaigeuza kila picha ya usiku kuwa uongo. Haigeuzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuichunguza anga kwa eksirei. Iliorodhesha vitu ambavyo hakuna jicho litakaloviona kamwe, na hakuna anayeviita uzushi, kwa sababu wanasayansi walisema wazi ni chombo gani, kilipokea nuru gani, na kwa njia gani. Hilo ndilo deni la mpiga picha wa mandhari ya usiku pia. Akiuza picha ya anga ya Watamu kwa mgeni, na aandike chini yake sekunde 20 na ISO 3200. Akituma picha ya mwezi kwa kadhi, na aambatanishe mahali, saa, lenzi, tundu, shata, na faili asilia lililotoka kwenye kamera, kisha ajibu swali moja: wewe mwenyewe, au mwenzako aliyesimama ubavuni, mliuona?

Jibu likiwa hapana, picha iwekwe kwenye kumbukumbu za elimu, ambako ina thamani kubwa. Ugumu utakuja zaidi mwandamo ukiangukia masika, mawingu yametanda kutoka Kilifi hadi Ngomeni, na mtu ana sensa inayoweza kuupenya ukungu mwembamba ambao macho hayaupenyi. Atakuwa na mwezi mkononi, wa kweli, na mji mzima haujauona. Hata hapo Shaaban itimizwe siku 30.