Ulizeni Habari za Wiki ya Tatu

Wajukuu zangu, wengi wenu mmewahi kukutana na video za watu waliofanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia. Mnaotazama kwa udadisi tu ndio wengi. Lakini yupo anayetazama usiku, peke yake, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu na nyumbani hana wa kumuuliza. Huyo ndiye ninayesema naye, tena kwa mapenzi.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hadi nilipostaafu. Upasuaji wa aina hii sikuuhudumia, ila nusu kaputi naijua, na kidonda kinachochelewa kufunga nakijua. Video nyingi huonyesha mtu akiingia hospitalini, kisha akitabasamu mbele ya kioo. Wewe ulizia wiki ya tatu: maumivu, mshono unaotoa maji, nani anampikia, nani anamwosha.

Aliyetengenezewa uke hulazimika kuupanua kwa kifaa maalumu mara kadhaa kwa siku katika miezi ya mwanzo, na kuendelea kwa miaka, la sivyo husinyaa. Anayetengenezewa uume huchunwa ngozi, mara nyingi ya mkono au paja, na kazi huenda kwa hatua, miezi ikipita katikati. Hapo njia ya mkojo husumbua mara nyingi: huziba, au mkojo hupenya pasipotakiwa. Huko kupenya ndiko kuitwako fistula, jina lile lile la ugonjwa ambao mama zetu waliupata kwa uzazi mgumu. Si wachache wanaorudi kupasuliwa tena. Mvutaji sigara huambiwa aache wiki kadhaa kabla, maana nikotini hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Na anayesafiri mbali kwa upasuaji huu, tuseme hadi Bangkok, aulize ni lini atapanda ndege kurudi, kwa kuwa safari ndefu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda.

Namna ya kupima habari za tiba ipo. Mwaka 1999 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha dodoso liitwalo DISCERN, lenye maswali 16, kila moja likipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Liliandaliwa kwa ajili ya maandishi, lakini siku hizi watafiti hulitumia hata kwa video. Katika maswali hayo, yashikeni haya: je, anayesema ametaja habari kazitoa wapi, na za lini? Ametaja madhara? Amesema itakuwaje usipofanya kabisa, au kama ipo njia nyingine? Amekiri mambo ambayo wataalamu bado hawana uhakika nayo? Mimi naongeza la kwangu: nani anamlipa? Daktari anayejitangaza huchagua picha za waliopona vizuri.

Wanaotisha nao wapimeni kwa kipimo hicho hicho. Kuna wanaosema kila aliyefanyiwa hujuta. Wanaojuta wapo, na wasikilizwe. Hata hivyo tafiti zilizochapishwa zinaonyesha ni wachache, ingawa wagonjwa wengi hawakufuatiliwa kwa muda mrefu. Matusi hayamsaidii mtu kuamua juu ya mwili wake.

Kuna jambo moja sitalipunguzia makali. Silikoni ya maji inayodungwa mitaani na mtu asiye daktari, ili kukuza matiti au makalio, inaweza kuingia kwenye damu, ikafika mapafuni na kuua. Msikubali, hata anayewashawishi awe rafiki, hata bei iwe ndogo namna gani.

Shirika la kimataifa la wataalamu wa tiba hii, WPATH, lilitoa toleo la nane la mwongozo wake mwaka 2022, na mwongozo huo unasomwa bure kwenye intaneti. Uchukue, andika maswali yako, umpelekee daktari anayeweza kukupima na kukujibu uso kwa uso. Usitume malipo ya awali kwa kliniki uliyoijua kwa video tu. Na kabla hujasafiri, mweleze mtu mzima mmoja unayemwamini unakokwenda, na nani atakuuguza ukirudi.