Foleni Haina Shemeji

Wakufunzi wa mambo ya ajira wanaotutembelea hapa Nyarugusu wana ushauri mmoja ambao lazima wautoe kabla ya chai ya saa nne: kazi iache kazini, ya nyumbani yaache nyumbani. Nimekaa kwenye mafunzo ya namna hiyo zaidi ya mara tatu. Kila mara tunaiandika sentensi hiyo kwenye madaftari tuliyogawiwa, kisha tunatazamana. Maana mkufunzi jioni anapanda gari anarudi Kasulu. Sisi tunatembea dakika kumi, tunafika, na mtu aliyekuwa dirishani mchana akilalamikia kadi yake ya mgao ndiye tunayepakana naye ukuta.

Siwacheki wakufunzi. Mengi wanayosema ni mazuri na nimeyatumia. Msimamizi akichukua wazo lako akalitoa mkutanoni kama lake, mfuate faraghani, usimwumbue mbele za watu. Mwenzako akikuomba umsainie mahudhurio, kataa siku ya kwanza, kabla haijawa desturi. Ukikosana na mtu, sema alichofanya, usiseme yeye ni mtu wa namna gani. Hayo yanafaa Dar es Salaam, yanafaa na hapa. Lakini ushauri wenyewe umejengwa kwa ajili ya mtu mwenye vitu viwili ambavyo sisi hatuna: umbali, na mlango wa kutokea. Mtu wa mjini akichoshwa na ofisi anaacha, anatafuta kazi nyingine. Huku hata kutoka nje ya kambi kunataka kibali. Na kazi ya motisha si ajira kamili: unaweza kufanya kazi ileile na mwenzako raia, yeye akapokea mshahara, wewe posho. Hilo nalo ni swali la haki, lakini leo naliacha. Lina ukurasa wake.

Linalonisumbua mimi ni hili: mtu anayeishi katikati ya watu anaowahudumia, anaweza kuwatendea wote sawasawa bila kuwa mtu mbaya kwa watu wake?

Mama mmoja jirani alilisha watoto wangu wiki nzima wakati mke wangu amelazwa. Siku moja akaja, akakaa, akaongea habari za mvua. Mwishoni akasema, "Papa, niangalizie tu kama jina langu limo kwenye orodha. Na kama halimo..." Hakumaliza. Wote tunajua nusu ile ya pili inasemaje.

Mafunzo yanasema hapo uweke mipaka. Neno hilo kwa mkimbizi lina utani ndani yake. Sisi mipaka tumeivuka kwa miguu, na watoto mgongoni. Ila tuseme nimeiweka. Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya shirika inasema hivyo? Hiyo ni sababu ya kuogopa kufukuzwa, bado si sababu ya kukataa. Mtu akikataa kwa hofu tu, siku hofu ikiondoka atakubali.

Nilipata sababu yangu nilipoanza kutazama nani anaipenda foleni. Mwenye ukoo mkubwa haipendi. Mwenye shemeji ofisini anaona inamchelewesha. Anayeipenda ni mjane aliyefika bila mtu, kijana aliyekuja peke yake, Mrundi aliyepangiwa katikati ya Wakongo na hana wa kumtuma. Foleni ndiyo ukoo wa asiye na ukoo. Ni mahali pekee kambini ambapo haumizwi kwa kutojulikana. Nikimchomeka jirani yangu mbele, shirika halipotezi kitu, magunia ni yaleyale. Anayepoteza ni yule wa mwisho, ambaye simjui, na ambaye ataondoka bila kujua kwamba nimemdhulumu. Ndiyo maana upendeleo unafanana sana na wema: unayemsaidia ana uso na jina na sufuria aliyowapikia watoto wako, na unayemwumiza hana uso.

Najua jibu la wengine. Watasema hayo ni mawazo ya wazungu, kwetu mtu anaanza na wake. Kweli kwetu mtu anaanza na wake. Lakini waulizeni majirani zetu Warundi habari za bashingantahe. Jina lenyewe linatokana na kusimika fimbo, ile fimbo ya hukumu. Walikuwa wazee waliosimikwa hadharani, waamue kesi za mashamba na za urithi. Nao hawakuletwa kutoka Geneva. Walikaa mlima uleule na watu waliowahukumu, walilima jirani nao, walioana nao. Kwa hiyo haki kati ya majirani si kitu cha kigeni, na wala haihitaji mtu aje kutoka mbali ndipo iwezekane. Sisemi kila mzee alikuwa mnyoofu. Warundi wenyewe wana hadithi za pombe iliyotangulia kesi.

Kuna jambo moja walilokuwa nalo ambalo ushauri wa ajira hauna. Waliketi wengi. Hapakuwa na mzee mmoja aliyebaki peke yake na jirani usiku, akimwambia hapana kwa jina lake mwenyewe. Mafunzo yanakufundisha wewe kusema hapana, wewe peke yako, kwa sauti ya upole, ukimtazama machoni. Ndipo hapo mtu anavunjika. Katika kikundi chetu tulikubaliana tofauti: faili la ndugu au jirani haligusi mwenyewe, na unalisema kwa sauti mbele ya wenzako, "Huyu ni mtu wangu, mchukue wewe." Ikawa kawaida, hata tunataniana. Nilimjibu mama yule kwamba jina lake litaangaliwa na mwenzangu, mimi nimekwisha kukaa pembeni. Hakufurahi. Lakini hakuweza kusema nimemkataa.

Kesho yake akaleta sahani ya sombe na samaki.

Sasa hapo ndipo mwongozo unaposema usipokee zawadi, na ndipo aliyeuandika mwongozo anapoonekana hajawahi kurudisha sahani ya mama mtu mzima ikiwa imejaa. Ni tusi. Lakini tusijidanganye pia. Tazama majina ya rushwa katika lugha zetu. Tanzania wanaiita chai. Kule Kongo ni maharage ya watoto. Kila mahali imevikwa nguo ya chakula, kwa sababu chakula ndicho kitu ambacho mtu mwenye adabu hakikatai. Watanzania walifika hadi kuiandikia sheria: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu watu kama ukarimu wa kawaida. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba inambagua mgombea maskini, asiye na cha kukirimu. Naipenda hoja hiyo. Haikusema ukarimu ni dhambi. Ilimtazama yule asiye na sahani.

Basi kipimo changu ni kidogo, cha kienyeji. Kwanza, je, asiye na sombe angepata huduma ileile? Pili, naweza kulisema bombani? Pale bombani asubuhi, wanawake thelathini na ndoo zao, ndipo mahakama yetu ilipo. Nilikula ile sombe na mke wangu alimsimulia kila mtu ilivyokuwa tamu. Simu ya mkononi iliyofungwa kwenye gazeti isingesimuliwa bombani.

Kuna mahali ambapo kipimo hiki kidogo hakitoshi, na upole wote wa mafunzo hautoshi. Mwaka 2002 ilitoka ripoti kuhusu kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone: wafanyakazi wa misaada, pamoja na wengine waliokuwa wenyeji au wakimbizi kama sisi, walitajwa kwamba walidai ngono kwa watoto ili wawape chakula na vifaa ambavyo vilikuwa haki yao. Kutokana na hayo, mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza, na unaomlazimisha mfanyakazi mwenye wasiwasi kuripoti. Vijana wengine wanasaini karatasi ile wakidhani ni mambo ya wazungu na ndoa zao. Hapana. Karatasi ile iliandikwa kwa sababu ya mabinti waliosimama kwenye foleni kama yetu. Kwa jambo kama hilo, ushauri wa "zungumza kwanza na mwenzako faraghani" ni hatari. Faraghani ndimo alimofanyia.

Lakini kuripoti ni nini mahali ambapo sanduku la maoni limetundikwa mbele ya ofisi, na kila apitaye anaona nani ametumbukiza?

Nitasimulia jambo moja, na nitasimulia yale ya nje ya chumba tu. Ya ndani si yangu. Nimegeuza majira, na sitasema kama aliyekuja alikuwa mwanamke au mwanamume. Kiswahili kinanisaidia hapo, hakiulizi. Niliitwa kutafsiri. Nilipomwona nikamwambia afisa, "Huyu namfahamu, tunatoka upande mmoja, afadhali mwingine." Mwingine hakuwapo. Afisa akamgeukia, akamweleza kwamba ana haki ya kunikataa na kurudi siku nyingine. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Abaki. Kwa sababu namjua."

Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Mafunzo yanahesabu kujuana kuwa ni tatizo, mgongano wa maslahi. Kwake yeye kujuana ndiko kulikokuwa dhamana. Aliniwekea amana. Nasi tulilelewa tukijua amana ni nini: mtu akisafiri akakuachia mbuzi wake, huyo mbuzi hata akae kwako miaka mitano si wako, huwezi kumchinja hata kwa mgeni mkubwa. Siri ya chumbani si mali ya shirika, na ndiyo maana siitunzi kwa ajili ya shirika. Si mali yangu pia, hata nimpe mjomba wangu.

Wajomba wenyewe walikuja usiku wa tatu. Wazee watatu, watu ninaowaheshimu, mmoja alinibeba nilipokuwa mtoto. Hawakutisha mtu. Waliuliza hali, wakanywa maji. Kisha mkubwa wao akasema, "Mwanangu, ulikuwa mule ndani. Amesema nini, na amemtaja nani?" Nikasema sina ruhusa. Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mradi una miaka yake, utaisha. Hao watu watafunga mizigo yao. Sisi ndio tutakaokuzika."

Naomba wasomaji ambao ni wafanyakazi wa mashirika wasiipite haraka sentensi hiyo. Si vitisho, na si ujinga. Ni kweli tupu. Nikifa hapa, shirika litatuma turubai. Watakaochimba ni wale watatu na watoto wao. Mtu anayesema maadili ya kazi ni jambo la kuchagua jema na kuacha baya hajawahi kuulizwa swali lake na watu watakaomzika.

Nilijibu, "Wazee wangu, na yule aliyekuja pale, mtamzika nyinyi pia." Mmoja aliguna. Wengine wawili wakainuka. Sikuwa nimetafuta maneno ya kuwashinda, na sikuwashinda. Nilichotaka kusema ni kwamba kwenye ile "sisi" yao palikuwa na mtu mmoja wamemtoa nje bila kutambua, kwa kuwa alikuwa mdogo na alikuwa amesema. Kama ukoo ni wale wanaokuzika, basi nilikuwa naulinda ukoo dhidi ya wazee wake.

Kilichofuata hakikunipata mimi. Kwa miezi, mke wangu alichota maji na hakuna aliyemtwika ndoo. Anayeijua ndoo ya lita ishirini anaelewa. Alijitwika mwenyewe, kwa kupiga goti kwenye tope, na hakuniuliza hata mara moja kulikuwa na nini mule chumbani. Yeye hakusaini kanuni yoyote. Hakuna aliyemwita kwenye mafunzo, hakupewa daftari. Nina haki gani ya kuutimiza wajibu wangu kwa shingo yake? Nimelizungusha swali hilo mara nyingi na bado liko palepale. Mzee mmoja kati ya wale watatu hanisalimii mpaka leo.

Kwa hiyo, nyinyi mnaotusimamia, hayo ya kazi kuiacha kazini yawekeni kando kidogo. Kila lugha iwe na wakalimani wawili, mmoja wao mwanamke, ili mtu awe na wa kumchagua. Tuulizeni kabla mlango haujafungwa: unamjua huyu? Tukijibu ndiyo, msitazame saa. Sanduku liondoeni pale mbele, mlipeleke sehemu ambayo kila mtu ana sababu ya kupita, kule kliniki kwa mfano. Na siku mkimhitaji mtu aje kuongeza maelezo, msimwite jina kwa kipaza sauti cha zoni.

Mama wa sombe, kwa wanaouliza, jina lake lilikuwamo. Lilikuwa ukurasa wa pili.