Kitabu cha Kwanza cha Mwandishi Mgeni

Abiria wa Hedaru angojaye basi la Same, naye amefungua riwaya ya upelelezi ya mwandishi asiyemjua hata kwa sifa, yumo katika anasa aliyoikosa msomaji wa mashuhuri, kwani hajazizoea bado hila zake wala pale apendapo kumficha mhalifu. Ndivyo walivyokuwa wasomaji wa mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipowatolea Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi wake Bwana Msa, kiko kinywani, akaingia katika fasihi yetu. Na mwaka 1965 Faraji Katalambulla akafuatia na Simu ya Kifo. Binafsi humpima mwanagenzi kwa sura ya pili, ambapo siri imekwisha kutajwa na kalamu yamwasha aifichue.