Je, Uaminifu Watosha Bila Daftari?

Kuna neno lisikikalo mara nyingi katika pwani za Ziwa Victoria, toka Mwaloni wa Kirumba hata visiwa vya Ukerewe: “Sisi twaaminiana, daftari la nini?” Husemwa na ndugu wawili wenye mtumbwi mmoja, na kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, hata na vikundi vya vigango vyetu. Ni neno lenye sura ya wema. Lakini yafaa tujiulize: mtu ashikaye fedha za wenziwe bila kuziandika, hata kama haibi senti moja, je, ametimiza haki?

Wengi watajibu kwamba ametimiza. Watasema wizi ndio dhambi. Kutoandika ni uvivu tu, au ni uchache wa elimu. Tena watasema kwamba kumdai mzee wa watu daftari ni kumvunjia heshima. Hoja hizi si za kudharauliwa, maana heshima ni mali kubwa kwetu. Hata hivyo, historia ya Mwanza yatufundisha vingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa kanda hii walilalamika kwamba wapunjwa katika mizani ya wanunuzi. Hawakutosheka na malalamiko. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito wa pamba uhakikishwe upya. Kutokana na jambo hilo dogo vilikua vyama vya wakulima, vikiongozwa na marehemu Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana katika chama kikuu kilichoitwa kwa kifupi VFCU. Baada ya miaka michache kilihesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika, na mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Tuangalie vema. Mpimaji wa pili hakumtukana mnunuzi mwema. Alimpa shahidi. Aliyechukizwa naye kwa haki alikuwa mdanganyifu peke yake.

Lakini chama kilichozaliwa kwa mizani kilipokua, chenyewe hakikupimwa ipasavyo. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ichunguze vyama vya ushirika nchini. Ilionekana kwamba wanachama wengi hawakujua mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na baadhi ya viongozi hawakuwa waaminifu. Serikali ikatwaa uendeshaji wa VFCU, na mwaka 1968 mahali pake pakashikwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza. Bila shaka si wote waliofanya kazi humo walikuwa wezi. Lakini hesabu zikiisha kuvurugika, mwema na mwovu huvaa kanzu moja, wala hakuna awezaye kuwatambua.

Basi kuandika hesabu ni deni la haki. Aliyekukabidhi fedha zake anadai fedha, na tena anadai kujua zilivyotumika. Kikundi kisichotafuta faida hakisamehewi deni hilo. Kila shilingi ya mchango ina mwenyewe, na pengine mwenyewe ni mjane aliyejinyima.

Jambo hili lagusa na kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili alitozwa asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi 4,000,000, yaani shilingi 30,000. Viwango hubadilika, na yampasa kila mtu kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Lakini tazama: huyo wa kwanza hakumwibia mtu, wala hakuidhulumu Serikali. Shilingi 70,000 zilizopotea zilitoka katika sare na madaftari ya wanawe. Uzembe wake ulikuwa na mdhulumiwa, naye alikuwa nyumbani.

Dawa si ngumu. Andika jioni ile ile, kabla kumbukumbu haijapoa. Fedha ya duka isichanganywe na fedha ya nyumba. Anayeshika sanduku asiwe ndiye aandikaye kitabu. Risiti zitunzwe, zisiwe za kufungia dagaa. Na kila baada ya miezi mitatu hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, ili hata asiyejua kusoma asikie na aulize.

Hatusemi kwamba daftari humgeuza mwizi kuwa mwema. Kitabu cha uongo chaweza kuandikwa kwa mwandiko mzuri sana, na mwenye madaftari mawili, moja la kodi na moja la mfukoni, ana hatia kuliko asiye na lolote. Uaminifu ni wa moyoni kwanza. Lakini moyo hauonekani, na wenzetu hawana budi kuona.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Twaongeza kwamba pamoja na mali huisha udugu, nao hauna duka la kuununua upya. Kwa hiyo mweka hazina mwema asingoje kudaiwa hesabu. Ailete mwenyewe, naye apokewe kwa shukrani.